Finjani ya Nne

Nasriya alifika Maskati siku ya Alkhamisi, mwezi wa tano tangu mamake, Bi Mahbuba, Mungu amrehemu, atangulie mbele ya haki. Sisi tuliopakana naye ukuta kwa ukuta huku Malindi, Unguja, tulifurahi alipoondoka. Tulisema akapumzike, kamuuguza mzee miaka tisa peke yake. Alichokifuata kule hatukukijua. Alitusimulia aliporudi, na alisimulia kwa sababu ya mkono wake.

Alipokewa na Afra, binti wa mjomba wake. Wakapita barabara pana, na majumba meupe ambayo hayana hata doa la mvua, mpaka Hail, mtaa wa pwani anakokaa Afra. Nyumba mpya, sakafu inang'aa, baridi ya viyoyozi. Kila kitu kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilimchoma Nasriya, kwani safari ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mamake.

Babake Bi Mahbuba aliondoka Unguja binti yake angali mdogo. Akaishi Matrah, mji wa kale wa Maskati, mpaka akafa. Katika nyumba yake kulikuwa na chumba kimoja alichokiita chumba cha Mahbuba, na hakumruhusu mtu kulala humo. Miaka mitatu mfululizo Afra alituma maneno kwenye simu ya Nasriya: "Msalimu shangazi. Mwambie tiketi ipo, aje akione chumba chake kabla hatujaivunja nyumba."

Nasriya hakuyafikisha. Alihofu mamake akienda hatarudi, naye abaki na nyumba tupu. Akamjibu Afra kuwa mama anaogopa ndege. Na kila Idi mzee alipouliza, "Watu wa Maskati hawajaleta salamu?" yeye alijibu, "Hawajaleta, mama." Salamu ni amana. Hilo alilisoma tangu chuo cha Kurani, kabla hata hajajua kuandika jina lake. Bi Mahbuba alikufa akiamini nduguze wamemsahau, na Nasriya hakupata ujasiri wa kumwambia hata alipokuwa anamtilia maji mdomoni kwa kijiko.

Sasa alitaka kuingia chumba kile, asome dua, amtake mamake radhi. Hakujua pa kuitafuta radhi pengine.

Alasiri ya siku ile aliyofika, Nakabugo, msichana wa Kiganda anayefanya kazi kwa Afra, alileta tende na kahawa kwenye sinia. Afra akamimina. Nasriya akanywa, akarudisha finjani. Afra akamimina tena. Ilipofika ya tano, Nasriya alishika kifua.

"Afra, utaniua kwa kahawa."

Afra akacheka. "Wewe ndiye hujasema basi, dada. Huku hatusemi kwa mdomo. Ukirudisha finjani, itikise. Usipoitikisa, mie nitamimina mpaka alfajiri. Nyie watu wa Unguja mnakuja hata kukataa hamjui."

Nasriya akaitikisa. Wakacheka wote wawili. Nakabugo akaja kuondoa sinia, akasita.

"Madam, huyu mama yeye hajatikisa. Nimwongeze?"

"Mama gani?"

Nakabugo akaonyesha kwa kidevu. Pale karibu na mlango, mbali na mito ya kukalia, palikuwa na finjani ya tatu juu ya zulia.

"Si huyu alikuja na mgeni? Nilimpa pale pale, nikaona kama anaogopa kusogea. Ameshika viatu mkononi."

"Nakabugo, joto limekupanda kichwani. Kalale."

Nakabugo akatazama tena pale mlangoni. Akaondoka bila sinia.

Nasriya aliiokota finjani ile. Ilikuwa tupu, ina machicha chini, na bado ina moto. Hakumwambia Afra kitu. Bi Mahbuba alikuwa na desturi yake: nyumba ambayo hana hakika kama amealikwa, aliingia na makubadhi yake mkononi, ili akiambiwa aondoke asimsumbue mtu kuyatafuta.

Jumamosi, baada ya kusali alasiri, wakaenda Matrah. Waliliacha gari barabarani, wakapanda kwa miguu kwenye vichochoro nyuma ya soko, ambako kuta zinakaribiana na ubani umeingia mpaka kwenye mawe. Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, chokaa inapukutika kama unga. Ufunguo alikuwa nao jirani, Bi Ghadeer, bibi mwembamba aliyezaliwa Unguja na ambaye Kiswahili chake hakikuzeeka. Wakavua viatu mlangoni, wakapanda.

Chumba cha Mahbuba kilikuwa kimefagiwa. Mkeka umetandikwa, birika la kahawa lipo. Na finjani nne.

"Sisi tu watatu, Bi Ghadeer," alisema Afra.

"Miaka mitatu unanambia Mahbuba anakuja. Haya, keshakuja." Bibi alitazama nyuma yao. "Mbona umesimama, mwanangu? Ingia. Chumba chako hiki. Hivyo viatu weka chini."

Afra alimsogelea Nasriya. "Uzee huo," alinong'ona. "Usimjali."

Nyuma yao, sakafuni, vilisikika viatu vya ngozi vikiwekwa chini. Kimoja. Kisha cha pili.

Afra akasogea ukutani, akapisha njia.

Wakakaa. Bi Ghadeer akamimina finjani nne, ya nne akaisukuma mbele ya mkeka mtupu. Nasriya alijilazimisha kutazama ukuta. Alipoyarudisha macho, ya nne ilikuwa tupu. Haikutikiswa. Bi Ghadeer akamimina tena.

"Anauliza," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Anauliza mbona hamkumwita."

"Tulimwita," Afra alisema. "Tulimwita mara tatu." Kisha akageuka, polepole, akamtazama Nasriya.

Nasriya alikuwa ameishika finjani yake kwa mkono wa kulia. Imejaa. Hajaigusa kwa mdomo.

"Walikuita, mama," alisema. "Salamu zilikuja. Mimi sikuzifikisha. Nilisema hawajaleta, na zilikuwa zimo kwenye simu, mkononi mwangu. Nisamehe."

Kelele za soko zilikatika.

Kisha vidole vikamshika kifundo cha mkono. Vya baridi. Vyembamba. Alivijua. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la mbuzi ya kukunia nazi. Kucha zile alizikata yeye, miaka tisa. Hakuona kitu. Mkono wake ukatikiswa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Kahawa ikamwagika mapajani.

Vidole vikamwachia.

Bi Ghadeer alilichukua birika akaliweka mbali naye, nyuma ya mgongo.

"Basi," alisema. "Keshakutikisia."

"Na yeye?" Nasriya aliuliza.

"Yeye bado anakunywa."

Wakashuka. Wakarudi Hail. Nyumba ile haikuvunjwa, na Afra hataki kuulizwa kwa nini.

Nasriya karudi kwake Malindi. Nyumba kimya, kilichokwenda naye hakikurudi naye. Anashona, uzi unapita tundu la sindano mara ya kwanza. Anavuta tasbihi, hapotezi hesabu. Daktari kamtazama, hakuona maradhi. Lakini mkono wake wa kulia ukishika kikombe, cha maji, cha chai, cha chochote, hutikisika mara tatu na kumwaga. Wa kushoto ni mzima. Ila Nasriya ni mtu wa dini, hanywi kwa kushoto. Hunyweshwa na sisi majirani, kwa kijiko.

Juzi tulisoma khitima ya mwaka ya Bi Mahbuba. Wanawake tulijaa mpaka barazani. Kahawa ikaletwa, na aliyemimina alikuwa msichana mmoja kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, hamjui Nasriya, hajawahi kufika Maskati, na desturi ya kule hajaisikia. Alimmiminia kila mtu kwa safu. Alipomfikia Nasriya alimruka.

Mikono ya Nasriya ilikuwa mapajani. Hakuwa ameshika kitu.

Nilimwuliza mmiminaji mbona amemruka mfiwa.

"Bibi aliyekaa nyuma yake kanambia huyu basi," alisema. "Akanipa finjani yake yeye, nimjazie."