Asiyekuwamo Vitabuni

Jumamosi hiyo soko la Lexington lilijaa pomoni. Arvella Combs, mwandishi wa riwaya za milimani Kentucky, alisimama mbele ya meza ya shira ya mtama, kofia ya majani imemfunika nusu ya uso. Tangu apewe ile tuzo kubwa, waliomsalimu walikuwa wengi. Wa kumkaribisha chakula, hakuna.

"Bibie, unanunua au unazikagua chupa?"

Akainua macho. Muuzaji alikuwa Denver Sizemore, aliyewahi kumbusu ujanani nyuma ya kanisa, kabla Arvella hajahamia mjini. Sasa alikuwa mgane mwenye ndevu za kijivu, shati lake limepigwa pasi na mkono usioijua pasi.

Wakaanza kupigiana simu kila jioni. Denver alimtania kwamba anaongea kama mtangazaji wa redio. Naye akamsuta kwa kula maharage bila mkate wa mahindi, kama mtu asiye na kwao. Nyumba ya Arvella, iliyozoea mlio wa saa ya ukutani tu, ikasikia kicheko.

Kule milimani kila mtu hujitafuta katika vitabu vya Arvella. Anayejikuta hununa, asiyejikuta hununa zaidi. Denver akavisoma vyote vitano. Baada ya hapo simu yake ikawa inaita tu, haipokelewi.

Arvella akaendesha gari mpaka kwake milimani. Alimkuta anakoroga shira kwenye karai, mvuke umemgubika. Hakugeuka.

"Nyumbu wa baba yangu yumo," Denver alisema. "Hata yule mchungaji mlevi yumo. Mimi simo, hata kwa jina la kubuni. Ulinionea haya?"

Arvella akasogea karibu na karai.

"Mama nilimwandika alipokufa. Dada yangu, tulipoacha kusemezana. Mimi huandika watu niliokwisha kuwapoteza, Denver. Wewe nikikushikia kalamu, mkono unakataa. Nilikuwa bado nakungoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Na mimi nikaoa."

"Ukaoa. Mimi nikafuga paka."

Denver alicheka bila kutaka. Akamkabidhi mwiko mrefu.

"Basi usije ukaniandika, mama. Koroga hii isiungue. Naenda kukuletea kiti."

Arvella akakoroga kwa mikono miwili, akiusingizia mvuke machozi yake.