Chumba cha Makomeno

Katikati ya kelele za soko, rundo la samaki wakavu kutoka Pweto lilimwangukia Syntiche kwenye gauni lake jeupe.

"Pardon, mama! Sasa uko unanukia kupita parfum," muuzaji alicheka. Aliitwa Paulin.

"Na bagonjwa yangu batasema nini? Miye niko psychologue, munganga wa roho."

"Basi uniponye wa kwanza. Roho inaniluma."

Miezi sita walipigiana simu kila adhuhuri. "Chérie, umekula?" "Bado. Niko nangoya samaki yako." Paulin akakodi chumba mtaa wa Makomeno, akanunua kitanda kipana na mapazia ya buluu. Ndoa ilikuwa karibu.

Ndipo Estelle, dada mkubwa wa Paulin, alipoingia ofisini kwa Syntiche, kilemba kimeshushwa hadi jichoni. Mumewe, Clovis, alitaka kuketi naye. Syntiche alimwomba angoje nje, akafunga mlango, akauliza polepole. Estelle alitaja mkanda, ngumi, mikono shingoni. Wakapanga atakapokimbilia.

"Paulin asijue," Estelle alisihi. "Ataua muntu."

Estelle akakimbilia kwao, akasema wamegombana tu. Wiki haijaisha, Clovis akaleta mbuzi wa kuomba msamaha, kama ilivyo desturi.

"Chérie, mambo imeisha," Paulin alisema kwenye simu. "Kesho ninamurudisha kwa bwana yake."

"Umuulize kwanza, Paulin. Yeye peke yake."

"Bantu bakubwa bamekwisha kusema!"

Siku ya tatu baada ya kurudishwa, Estelle alilazwa hospitali, taya limevunjika.

"Ndiyo maana ulisema nimuulize! Ulijua!" Paulin alimfokea Syntiche kwenye korido. "Ulijua, ukanyamaza! Ni mapendo gani hiyo?"

"Siri haikuwa yangu."

"Basi ubakie nayo."

Akamwacha amesimama pale, akaingia kwa dada yake. Estelle hakuweza kusema. Aliomba kalamu, akaandika: *Miye nilimukataza kusema. Yeye aliniuliza. Weye ulikula mbuzi.*

Paulin aliisoma karatasi ile mara tatu.

Siku Estelle alipotoka hospitali, simu ya Syntiche iliita adhuhuri, kama zamani.

"Chérie, unisamehe." Sauti yake ilikwaruza. "Kitanda yetu nimemupatia Estelle. Chumba pia. Ndoa..."

"Na mapazia?"

"Iko pale."

"Uache. Afunge dirisha akipenda. Miye nitangoya." Syntiche alifuta macho. "Funguo iko ngapi?"

"Mbili. Moja niko nayo."

"Umupatie zote mbili, Paulin."

Kwenye simu Syntiche akasikia hatua zake na mlango wa Estelle ukigongwa; Paulin, funguo mkononi, akasubiri hadi aitwe ndani.