Doa Jekundu Kwenye Tairi

PAAAA!!

Nilidhani ni risasi, jamani.

Usukani ukavuta kushoto kama kuna mtu kaushika upande wa pili. Nikaung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Tulikuwa katikati ya mteremko, nyuma nimepakia magodoro hadi juu, na kiti cha pembeni yangu amekaa mama yangu mzazi.

"Mamaaa! Shika!!"

Hakushika kitu. Alikuwa usingizini.

Pikapu ikaburuza rimu, ikaacha lami, ikajibamiza kwenye ukingo wa mtaro. Upande wa Mama! Kisha nikasikia sauti ndogo sana...

"Mguu wangu, mwanangu... mguu wangu."

Watu walikuja mbio. Wakamtoa kupitia mlango wangu, wakamlaza juu ya godoro jipya, nailoni haijatolewa. Mimi nilikuwa na mchubuko tu kwenye paji la uso.

Tukaanza kusubiri gari la wagonjwa. Macho yangu yakaliona lile tairi la mbele, limechomoka na kubaki barabarani. Nikalifuata. Sijui hata kwa nini nililifuata.

Lilikuwa na upara! Limeisha kabisa, nyaya zinachungulia, na ubavuni limepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha.

Nikaligeuza upande wa ndani. Nikatafuta doa langu jekundu.

Halikuwepo.

Ndugu zangu... lile tairi halikuwa langu!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mimi mtaani wananiita Mama Magodoro. Nasambaza magodoro madukani kwa pikapu yangu mwenyewe, naendesha mwenyewe, na gari langu nalijua kuliko ninavyoijua sura yangu. Matairi yalipoanza kuisha nilikwenda dukani na mume wangu.

"Mke wangu, yale ya mtumba yanatosha," akasema. "Kwani sponji ina uzito gani?"

"Sibebi sponji peke yake. Najibeba na mimi."

Fundi wa matairi akacheka. Mimi wala sikucheka, nilikuwa nasoma zile namba nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, maana tairi linazeeka hata likiwa limekaa dukani tu. Nikayakataa ya kwanza. Nikayakataa ya pili. Mume wangu akawa anaangalia saa na kuguna. Mwishoni nikachagua ya mzigo, yenye ubavu mgumu, mapya kabisa.

Kabla hayajafungwa nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba. Nyekundu! Nikatia doa kwenye kila tairi, upande wa ndani, ambako mwizi hatazami.

"Mama Magodoro, leo unayapaka kucha matairi?" fundi akanitania.

"Yaibwe uone kama sitayajua."

Basi tukaishi. Siku moja mume wangu akaniambia anaipeleka pikapu kuoshwa. Ikarudi inang'aa, matairi meusi tii! Nikafurahi, mjinga mimi, wala sikuinama kuyakagua. Nikamshukuru mbele ya watoto, nikamsifia mpaka kwa majirani.

Sasa, mama yangu ana presha, na anayempeleka kliniki siku zote ni mdogo wangu wa kiume, ambaye naye ana pikapu kama yangu. Asubuhi ya ajali akanipigia simu.

"Dada, leo naomba umpeleke wewe Mama. Nimepata kazi ya kubeba saruji."

"Wewe? Siku hizi una kazi?"

"Mungu ni mwema, Dada."

Nikamfurahia kwa moyo wote. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kupata mzigo, kila mwenye saruji akilitazama gari lake anatikisa kichwa.

Nikamfuata Mama. Akapanda, akafunga mkanda, akashika kile kishikio cha juu ya mlango kwa nguvu, vidole vimekakamaa.

"Mama, mbona umeshika hivyo?"

"Nimezoea. Kwenye gari la mdogo wako nashika mpaka tunafika. Mara ya mwisho liliteleza vibaya, mwanangu."

Nikacheka. Nikasema maneno ambayo mpaka leo yananinyima raha.

"Achia hiyo, Mama. Hili lina matairi mapya. Wewe lala."

Akaachia... akalala.

Hospitali wakasema ni nyonga. Lazima apasuliwe, na kwa umri wake na ile presha, hawaahidi kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, nguo imejaa vumbi, mume wangu alipofika anahema.

"Mke wangu! Umeumia? Mama yukoje?"

"Matairi yangu yako wapi?"

Akageukia mlango wa wodi.

"Nakuuliza, baba watoto. Matairi yangu yako wapi?"

"Tumwangalie mgonjwa kwanza, haya mengine..."

"Umeyauza? Au kuna mwanamke umemfungia matairi yangu? Sema!!"

Watu wa benchi la pili wakageuka. Sikujali. Mume wangu alikuwa anatazama getini. Nami nikatazama.

Pikapu ya mdogo wangu ilikuwa inaingia, imejaa vumbi la saruji. Ikapaki mbele yangu kabisa. Na pale kwenye tairi la mbele, upande wa nje, ambao aliyelifunga aligeuza bila kujua anachogeuza...

Doa jekundu. Rangi yangu ya kucha!

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke, jamani. Sikujiandaa kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Akashuka mbio.

"Dada! Mama yuko wapi?"

"Una matairi mazuri," nikamwambia.

Akasimama palepale.

"Nilimpa mimi," mume wangu akasema, sauti imeshuka. "Yake yalikuwa yameisha, na ndiye anayembeba Mama. Nilimfikiria Mama, mke wangu. Wewe unabeba sponji tu, mjini, mwendo wa pole. Nikaona tubadilishane, nitakununulia mengine kabla hujagundua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ndiye niliyemwomba Shemeji asikwambie," mdogo wangu akadakia. "Ungenisema, Dada. Ungenisema mbele ya watu."

Hapo nikamgeukia yeye.

"Sawa. Uliniogopa. Lakini leo asubuhi ulijua gari langu limevaa nini. Ulijua! Bado ukanipigia nimpakie Mama?"

Akaanza kulia, mwanaume mzima.

"Nilikumbuka nilipokata simu. Nilitaka kukupigia tena. Lakini kazi ingekwenda kwa mwingine, Dada... nikajisemea, safari moja tu."

Safari moja tu!

Ningempa, ndugu zangu. Naapa ningempa. Ningesema sana, ndiyo, mdomo ninao na wote wanaujua. Ningesema mpaka majirani wasikie. Lakini ningempa, kisha ningeliegesha gari langu nyumbani mpaka nipate matairi mengine, na Mama angeendelea kushika kishikio chake kwenye gari la mdogo wangu.

Nesi akatuita, mgonjwa ameamka baada ya dawa ya maumivu na tunaweza kumwona. Tukiwa mlangoni mume wangu akanishika mkono.

"Mama asijue. Presha itampanda."

Nikamtazama yule mwanaume. Ni mwema, na hilo ndilo linaloniumiza. Hakulewa, hakuhonga, hakuniibia ili ale. Alitaka kumlinda mama yangu.

"Siri nyingine tena?" nikamuuliza. "Hii ya kwanza imetufikisha wapi?"

Tukaingia. Mama alikuwa mdogo kitandani, kama amepungua tangu asubuhi. Nikamshika mkono, nikamweleza yote polepole, na wao wawili wamesimama nyuma yangu wanatazama sakafu. Hakukasirika. Presha haikupanda. Akamtazama mwanawe wa kiume, akamtazama mkwewe, kisha akanigeukia mimi.

"Mngeniambia tu," akasema. "Ningejua, ningeshika."

Mdogo wangu akatoka nje. Nilimsikia akilia koridoni kama mtoto.

Mama anapasuliwa kesho. Naandika haya nikiwa kwenye benchi lilelile, mume wangu yuko mwisho wa benchi, hatujasemezana, lakini ameniletea chai na nimeinywa.

Na ninyi mnaosoma, mnaopenda kusaidia watu kimyakimya kwa mali ya wenzenu, nisikilizeni. Ukimpa mtu tairi zima, kuna mtu umemwachia lililoisha. Mwambie huyo. Akufokee, akununie, akatae hata kula na wewe, lakini mwambie kabla hajawasha gari. Mama yangu alikuwa na haki ya kujua amepanda gari gani.

Muombeeni.