Roboti Iliyokataa Sufuria Nzuri

Tangazo kwa wanadamu wote! Vita kati ya mtu na roboti vimeanza. Uwanja wa vita ni kiwanda cha sufuria. Jeshi la wanadamu lina askari mmoja tu. Asubuhi hiyo askari huyo alikuwa amepiga magoti, akitafuta kiatu chini ya kitanda.

"Jicho la kiwanda kizima halioni kiatu?" mumewe, fundi cherehani, alimtania.

"Cheka tu, baba. Ijumaa meneja akiichagua roboti badala yangu, utanilisha vifungo."

Kiwandani walimwita Jicho, maana kasoro haikumpita. Aligonga kila sufuria, akatikisa mikono yake ya kushikia, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaiweka kwenye mkanda wa mashine. Mbele yake roboti mpya iliitazama kwa kamera. Sufuria nzuri iliipitisha. Mbovu iliitupa kapuni.

Wiki hiyo roboti ilitupa karibu zote.

Jicho aliigeuzageuza moja. Hakuona ufa. Akavaa miwani. Hakuona ufa. Labda uzee umebisha hodi?

Jambo la ajabu, siku aliyopewa ruhusa, roboti haikutupa hata moja.

"Usipokuwepo, zote nzuri. Ukiwepo, zote mbovu," meneja alisema. "Nifikirie nini?"

Lakini sufuria za siku ile zilirudishwa na wanunuzi. Mikono ilikuwa imelegea! Meneja akakuna kichwa. Jicho naye akakuna chake.

Akaitwa fundi wa mitambo, binti mpole.

"Mama, fanya kazi kama kawaida. Jifanye sipo."

Jicho akagonga, akatikisa, akafuta.

"Hapo! Kitambaa hicho kina nini?"

"Mafuta kidogo, mwanangu. Sufuria ing'ae, mnunuzi aone uso wake."

"Basi roboti inaona taa. Mwanga ukimeta kwenye mafuta, unachora mstari. Roboti ilifundishwa kwa picha za sufuria zisizofutwa. Kwake mstari ni ufa."

"Kumbe ni jinga!"

"Inajua kile ilichoonyeshwa tu, mama. Haichoki kutazama kama sisi. Lakini haiwezi kutikisa sufuria ikasikia mkono umelegea."

"Sasa nani bora?"

"Hilo swali litawachelewesha. Mkitofautiana, itazameni upya sufuria, mtafute sababu."

Tangu hapo Jicho hugonga na kutikisa, roboti hutazama, na kitambaa huja mwisho. Kapuni zikabaki mbovu tu. Wanunuzi wakaacha kurudisha sufuria. Ijumaa ilipofika, meneja akawabakiza wote wawili.

Jioni Jicho aliingia nyumbani kwa maringo. "Tumeinyoosha ile roboti!"

"Ilikuwa na kasoro gani?" mumewe aliuliza.

Jicho akakohoa. "Kasoro ilikuwa... kwenye kitambaa."

"Kitambaa cha nani?"

Jicho akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Changu," akakiri. "Lakini nani alinishonea?"

Fundi cherehani akainama ghafla, akaanza kutafuta kiatu.