Bi Opal Anafunikwa

Kila asubuhi katika hospitali yetu ndogo, huku milimani Kentucky, mambo ni yale yale: sindano, mayai, kisha daktari. Siku hiyo akaongezeka Sista Brynn, binti wa tambarare za Dakota, aliyemaliza chuo juzijuzi. Alikuwa muuguzi wa mkataba, wale wanaotumwa kokote penye upungufu, wakae miezi michache, kisha wafunge mizigo kwenda kwingine. Kwa kawaida huletwa wazoefu. Huyu hata viatu vyake vilikuwa vipya bado, vikilia kila hatua.

Aliogopa kuonekana mgeni, maana alisikia kwamba aliyemtangulia alifukuzwa upesi. Basi kila alichoambiwa alijibu, "Najua."

Mimi niliyelazwa dirishani nikamjaribu. "Sista, hapa mgonjwa wa kitanda cha dirishani huletewa pai ya tufaha kabla ya mayai."

"Najua, bibi."

Nikajua hajui.

Kitanda cha pili yangu kilikuwa cha Bi Opal, mwenye ugonjwa wa moyo. "Nafunikwa, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, bibi." Brynn akamwondolea blanketi.

"Bado nafunikwa."

Akaondoa na shuka.

"Nafunikwa, nakwambia!"

Sasa kilichobaki kumvua kilikuwa meno ya bandia.

Utani ukaniisha. Nikajiinua niseme, lakini Brynn alikwisha kuiona midomo ya Bi Opal ikibadilika rangi. Akasita kidogo. Kusema hajui kungeweza kumrudisha kwao siku hiyo hiyo. Kisha akapaza sauti kumwita mkuu wa wodi:

"Sista Darlene! Anasema anafunikwa, na hana kitu juu yake. Neno hilo silijui!"

"Hapati pumzi!" Darlene akajibu akija mbio. "Huku ndivyo tunavyosema!"

Loh! Alipolielewa neno, binti akawa mwingine kabisa. Akainua kichwa cha kitanda, akamvisha Bi Opal oksijeni, akasikiliza kifua. "Maji yamejaa mapafuni. Mwiteni daktari!"

Daktari akafika, dawa ikaingia mshipani. Kufikia chakula cha mchana, Bi Opal alikuwa ameketi, akilalamika kwamba maharage hayana chumvi.

Darlene akamkabili Brynn. "Aliyekutangulia alikuwa mzoefu. Aliona haya kuuliza, akampa mgonjwa dawa isiyo yake. Ndiyo maana aliondoka." Akamshika bega. "Ugeni si kosa, binti. Kosa ni kujifanya mwenyeji huku mtu anakata roho. Wewe umeuliza, na Bi Opal yu hai. Mkataba wako ukiisha, nitaomba uongezewe mwingine hapa hapa."

Tukapiga makofi mpaka wapishi wakachungulia. Brynn akafuta machozi, kisha akanigeukia na tabasamu lisilonipendeza hata kidogo.

"Sista Darlene, nina swali lingine. Ni kweli kitanda cha dirishani huletewa pai kabla ya mayai?"

Pai sikuionja mpaka leo. Na Bi Opal alicheka hadi tukadhani anafunikwa tena.