Sarafu ndani ya Mkate

Mwoka mikate na mkewe waliamka kila siku kabla ya majirani. Mume alikanda unga na kuwasha tanuri. Mke alifagia duka, akapanga mikate kwenye kaunta na kufungua mlango. Watu wa mtaa walimwita mume Bwana Hamira, maana hata jambo dogo likifika kwake huumuka. Ukimwambia mvua itanyesha, yeye anaanza kutafuta mtumbwi. Mkewe walimwita Mama Mikate. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache.

Kisha duka kubwa likafunguliwa kwenye kona. Mikate yake ililetwa kwa gari, imekatwa vipande na kufungwa vizuri kwenye nailoni. Wateja wakahamia huko. Jioni trei za Bwana Hamira zikawa zinarudi jikoni zimejaa.

"Mama watoto," mume alisema siku moja, "nimepata dawa ya lile duka."

Aliingia akisukuma baiskeli mpya nyekundu, yenye keria pana nyuma. Akaining'iniza kwa kamba juu ya kaunta. Chini yake akabandika karatasi yenye maandishi makubwa: NUNUA MKATE, SHINDA BAISKELI. NDANI YA MKATE MMOJA KUNA SARAFU ILIYOTOBOLEWA. Bei ya mkate akaipandisha kidogo.

"Hiyo nyongeza ndiyo itakayolipia baiskeli," alieleza.

"Umemuuliza mtu kama jambo hili linaruhusiwa?" mke aliuliza.

"Nimuulize nani? Unga wangu, baiskeli yangu, sarafu yangu. Hata tanuri ni la kwangu."

Mama Mikate alitazama baiskeli ikining'inia juu ya kichwa chake, akasogea pembeni kidogo.

Dawa ilifanya kazi kweli. Foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Watu walibonyeza mikate, wakaipima uzito mkononi, wakairudisha na kuchukua mingine. Mzee mmoja aliuweka mkate sikioni na kuutikisa. Wengine walianza kuuchana pale pale mlangoni, na makombo yakatapakaa hadi kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara. Fundi huyo alikuwa na mkono wa birika, na jina lake mtaani lilikuwa hilo hilo, Birika. Yeye hakununua hata mkate mmoja.

"Mimi nina miguu miwili," alisema. "Baiskeli ya nini?"

Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeitaka baiskeli ile kwa moyo wake wote. Alikuwa dobi. Alifua nguo za watu na kuzipeleka nyumba hadi nyumba, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Kila alipoingia dukani aliitazama kwanza keria. Mwanzoni alinunua mkate mmoja. Baadaye akanunua minne kwa mara moja, kisha sita.

"Dada, yote hii mnaila?" Mama Mikate alimuuliza.

"Tunaila," dobi alijibu. "Asubuhi mkate, mchana mkate, jioni mkate. Mboga tumeipumzisha kwanza. Nikipata ile baiskeli nitachukua nguo za mitaa mitatu, mambo yatanyooka."

Alicheka, na Mama Mikate akajitahidi kucheka naye. Moyoni hakuwa na raha. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikuwa ameshika kipande kikavu cha mkate, hakili, amekishika tu.

Siku zikapita. Wiki zikapita. Sarafu haikuonekana. Foleni bado ilikuwepo, ila sasa watu hawakutaniana. Walisimama kimya, na wakinunua walimtazama Mama Mikate machoni. Alisikia minong'ono. Wapo waliosema sarafu imekwenda kwa shemeji yake Bwana Hamira. Wapo waliosema mwoka mikate anaujua mkate wenye sarafu kwa alama aliyoichora chini yake. Mama Mikate akawa hapati usingizi vizuri. Mlango ukigongwa, roho ilimruka.

Mchana mmoja, wateja walipopungua, alimkuta mumewe jikoni akikwangua trei.

"Baba watoto, ile sarafu uliitia kwenye mkate wa siku gani?"

Bwana Hamira aliendelea kukwangua trei ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nakuuliza wewe."

Mume aliingiza mkono mfukoni. Akatoa sarafu, akaiweka mezani. Ilikuwa kavu na inang'aa, haijawahi kuguswa na unga.

"Nitaitia," alisema. "Wallahi nitaitia. Nilitaka biashara ichangamke kwanza. Ningeitia siku ya kwanza, ikapatikana siku ya pili, ningefanya nini?"

Mama Mikate alikaa juu ya gunia la unga. Alimfikiria dobi na mikate yake sita. Alikumbuka kwamba ni yeye aliyezipokea pesa zile, kwa mkono wake, na kumwambia mwenzake, "Bahati njema, dada."

"Tumewauzia watu kitu ambacho hakikuwepo," alisema.

"Tumewauzia mikate! Mkate walipata."

"Hawakuja kwa ajili ya mkate, na wewe unajua."



Kesho yake asubuhi aliingia mwanamke mgeni, amevaa viatu vya chini na kubeba mkoba. Hakubonyeza mkate. Alisoma karatasi yote kwa utulivu, akainua macho kuitazama baiskeli.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

"Mimi ni mkaguzi kutoka bodi ya michezo ya kubahatisha." Akaonyesha kitambulisho chenye picha yake. "Tumepata malalamiko. Naomba kuzungumza na mwenye duka."

"Hapa hatuchezi kamari, mwanangu. Tunaoka mikate."

"Hicho ndicho nilichokuja kukiangalia. Mwenye duka yupo?"

"Ngoja nimwite."

Alipita pazia la kuingilia jikoni. Bwana Hamira alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ameinama juu ya donge la unga, anakanda mbio mbio, jasho linamtiririka.

"Nimeshaitia," alinong'ona. "Imo humu. Sasa ni kweli."

"Ni kweli kuanzia sasa hivi. Na siku zote zile?"

"Nani anajua? Mimi na wewe tu. Ukifungua mdomo tunafungiwa duka. Watoto watakula nini? Nyamaza, mke wangu. Nyamaza tu."

Mama Mikate alisimama katikati ya jikoni. Alimpenda mumewe. Tanuri lile ndilo lililowasomesha watoto wao. Akinyamaza, duka lingepona leo, na yeye angesimama nyuma ya kaunta ile miaka yote akimwogopa kila anayeingia. Alipiga moyo konde. Alilibeba donge zima mikononi, akapita nalo pazia, akaliweka mbele ya mkaguzi. Lilitua pu.

"Sarafu imo humu," alisema. "Imeingia sasa hivi. Kabla ya leo haikuwemo katika mkate wowote."

Kisha pazia likasogea, na Bwana Hamira akatoka akifuta mikono.

"Ni kweli anavyosema," alisema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu, si la mke wangu."

Mkaguzi hakugomba. Aliomba kiti, akakaa.

"Baba," alianza, "mtu akitoa pesa yake, akategemea bahati, akatarajia zawadi, huo ni mchezo wa kubahatisha. Hata kama umefichwa ndani ya mkate. Na mchezo huo hauendeshwi bila kibali cha bodi."

"Mimi nilijua bodi ni ya majumba ya kamari na zile tiketi za mamilioni."

"Wengi wanadhani hivyo. Lakini bahati nasibu ndogo ya mtaani inaweza kuumiza pia. Tena inaumiza zaidi, kwa sababu mnaaminiana. Hakuna anayekagua."

"Basi kazi yenu ni kutuzuia."

"Hapana. Kazi yetu ni kuhakikisha zawadi ipo tangu mwanzo, na kila aliyeingia ana nafasi ya haki. Tunazuia watoto wasicheze. Na mtu akiona mchezo umemteka, hawezi kuacha, tunamwelekeza kwenye ushauri." Akalitazama donge. "Halafu, baba, mtoto mdogo angeimeza sarafu hii, ungefanyaje?"

Hilo Bwana Hamira hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alikaa chini polepole.

"Tutafungiwa?" Mama Mikate aliuliza.

"Sheria inaruhusu. Lakini siamui peke yangu. Wewe, baba, teremsha baiskeli, bandua karatasi, rudisha bei ya zamani leo hii. Waambie wateja ukweli mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Kisha uje ofisini usikilizwe."

Ile ilikuwa asubuhi ngumu kuliko zote. Bwana Hamira alisimama mlangoni na kuwaambia watu wa foleni: sarafu haikuwemo. Wengine walitukana. Wengine waligeuka na kwenda zao dukani kwenye kona. Mzee aliyekuwa akisikiliza mikate alimtazama tu, akatikisa kichwa, na jambo hilo lilimchoma Bwana Hamira kuliko matusi.

Dobi hakuwepo. Mama Mikate alimfuata nyumbani. Alimkuta anakamua mashuka uani.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada," alisema. Akamweleza yote bila kupunguza.

Dobi alimaliza kukamua shuka, akalianika. "Mimi ndiye niliyewapigia simu wale wa bodi," alisema. "Namba yao niliisikia redioni."

"Ulifanya vizuri."

"Usiniambie nilifanya vizuri. Watoto wangu walikosa mboga, na mimi niliona. Kila siku nilisema, leo ndiyo siku. Wewe uliniuzia uongo, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kujidanganya mwenyewe." Akainama kwenye beseni. "Nenda tu. Nikipoa nitakuja."

Bodi ilimtoza Bwana Hamira faini na kumpa onyo. Ile nyongeza ya bei aliagizwa airudishe, na kila aliyekuja kuidai alirudishiwa. Duka halikufungwa, ila kwa muda mrefu lilikuwa tupu. Mama Mikate alikaa nyuma ya kaunta akihesabu nzi. Kila jioni alijiuliza kama watu wangerudi.

Siku moja mumewe alisema, "Ile baiskeli bado ipo. Niliwaahidi watu. Nataka niitoe, ila safari hii nitoe kwa njia yake."

Akaenda ofisini kwa mkaguzi kabla ya kubandika karatasi yoyote. Alirudi na kibali, akakitundika ukutani penye mwanga. Masharti aliyaandika kwa herufi kubwa na kumsomea kila mteja, hata asiyetaka kusikia. Bei ya mkate haikupanda. Kila mtu mzima angepewa kuponi moja ya bure, anunue mkate au asinunue, mradi ataje jina lake liandikwe humo. Watoto, wenye duka na jamaa zao hawakuruhusiwa. Siku ya droo ilitangazwa tangu mwanzo. Hata Birika alivuka barabara kuja kuchukua kuponi.

"Ya bure siwezi kuiacha," alisema. "Nikiiacha nitakuwa mgonjwa."

Siku ya droo meza ilitolewa nje. Kapu la kuponi likawekwa juu yake, baiskeli ikaegeshwa pembeni. Mkaguzi alikuja na kusimama karibu. Watu walijaa, na wengi walikuwa wamekunja mikono. Mama Mikate aliwatazama kwa wasiwasi, maana aliwajua: wakitilia shaka leo, hawarudi tena.

"Atakayechagua kuponi lazima awe mtu ambaye hakuweka yake," mkaguzi alisema. "Yupo?"

Watu walitazamana. Nyuma kabisa mkono mmoja ukainuka. Alikuwa dobi.

"Mimi sikuweka," alisema. "Sikuwaamini. Nimekuja kuangalia tu."

Watu wakampisha. Alifika mezani, akalichukua kapu na kulimwaga lote juu ya meza. Akafunua kuponi moja, akasoma, akafunua nyingine, akasoma, akaendelea hivyo huku watu wote wakisubiri. Aliangalia ndani ya kapu, akaligonga kwa nyuma. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akazirudisha kuponi, akazivuruga, akageuza uso pembeni na kuchomoa moja.

Akampa mkaguzi, naye akasoma kwa sauti. Ilikuwa ya Birika.

Mama Mikate alifunga macho akisubiri kelele. Akasikia kicheko. Mtaa mzima ulikuwa unacheka, na Birika alikuwa ameshika kichwa akiuliza kama matairi yanajazwa upepo bure. Hakuna aliyesema habari ya shemeji. Hakuna aliyesema habari ya alama. Watu walimpongeza, wakamtania, wakaanza kuondoka, na baadhi yao wakaingia dukani kununua mkate wa jioni.

Dobi alingoja wengine waishe. Kisha akasogea kwenye kaunta.

"Nipe mkate mmoja," alisema.

Mama Mikate alimfungia mkate. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuyaficha.

"Ungeweka kuponi, dada. Huenda ingekuwa yako."

"Huenda," dobi alisema. Aliupokea mkate, akaukumbatia pamoja na mtoto. "Mkifanya tena, na mimi nitaweka."