Niliharibu Dawa ya Mume Wangu, Kisha Nikampiga

Nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, Naliaka, na naishi Kibomet, Kitale. Haya sijawahi kuyasema hata kanisani...

Mume wangu, Wekesa, ni fundi wa mawe. Ana kifafa. Kwa miaka sita hakuanguka hata mara moja, kwa sababu ya tembe alizomeza asubuhi na jioni. Lakini aliona aibu! Hakutaka wenzake wa mjengo wajue. Basi mwaka jana nikaanza kuzitoa tembe zote kwenye karatasi zake na kuzitia katika chupa tupu ya jamu. Nikaiweka jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya meko, mahali ambapo mgeni hangeshuku kitu.

Mvua zilipoanza, Wekesa akaanguka. Akaanguka tena, akajing'ata ulimi, damu ikajaa shati... Aliapa kwamba anameza dawa. Sikumwamini! Nilijiambia anazitupa ili anywe pombe ya busaa na marafiki.

Siku moja, alipozinduka bado amechanganyikiwa, nilichukua mwiko nikamchapa. Kichwani, mabegani, kwenye mikono aliyoinua kujikinga.

"Si umeze dawa! Ati unataka kuniacha mjane?"

Alilia, mwanamume mzima!

Wiki iliyofuata tulienda kwao Bokoli kumwona mama yake. Tukiota moto jikoni, Wekesa alikakamaa ghafla, akaangukia makaa kwa uso na mkono wa kulia. Harufu ile... Mungu wangu! Tulipomvuta, ngozi ilibaki motoni.

Shemeji yangu Barasa aliiona chupa mkobani mwangu. "Hii ndiyo sumu unampea ndugu yetu!" Ngumi yake iling'oa jino langu. Ndugu wengine wakanikanyaga mpaka mama mkwe akajilaza juu yangu kunikinga.

Hospitalini Bungoma, Barasa alimpa mfamasia ile chupa. Mfamasia akaimwaga mezani. Tembe zilikuwa zimevimba, nyingine zimeshikana, nyingine zimepasuka.

"Nani alizitoa kwenye karatasi?"

"Ni mimi," nikasema, midomo imefura.

Alitueleza polepole. Tembe hizo zimetengenezwa kwa kitu cha jamii ya plastiki, kinachoachilia dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Mvuke na unyevu vikiingia, kitu hicho huvimba na kulegea. Dawa hutoka yote kwa mpigo, au huharibika humo humo.

"Alikuwa anameza, mama. Lakini dawa yenyewe ilikuwa imeharibika."

Alikuwa anameza! Nilitamani ardhi inimeze...

Wekesa alipona, ila vidole vitatu vilikatwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote. Wekesa akaniambia:

"Ya dawa nimekusamehe, Mama Naliaka. Hukujua. Lakini nilikuambia nameza, ukanipiga."

Alibaki Bokoli kwa mama yake. Hajarudi.

Wenzangu, acheni tembe ndani ya karatasi zake mpaka saa ya kumeza. Ziwekeni pakavu, mbali na mvuke wa jikoni. Na mgonjwa wako akisema amemeza, tafadhali mwamini! Nenda ukamwulize mfamasia kabla hujainua mkono. Mimi niliinua mkono kwanza.